Chai ya Kiuno

4 Februari

Kwa Kimulimuli, mwimbaji,
kupitia ofisi yake

Salamu nitazitoa mwishoni, nikiona unastahili.

Mimi ni mwokaji mikate. Tanuri ni la watu, jasho ni langu. Nina binti wa miaka kumi na mitano. Tulimpa jina la Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla hajajua kukaa vizuri, na tangu hapo hakunyamaza. Mama yake tuliachana, ana maisha yake mbali na hapa. Kwa hiyo ndani ya nyumba tupo wawili, na kelele zote zilikuwa zake.

Sasa amenyamaza.

Ukutani, juu ya kitanda chake, upo wewe. Umevaa nguo ya fedha, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kikombe. Chini yako pameandikwa: "Siri ya kiuno changu ni Chai ya Kiuno, asubuhi na jioni." Mwanangu ameyashika maneno hayo kuliko anavyoshika ninayomwambia mimi. Anainywa asubuhi, anainywa jioni, na hapo katikati hatii kitu mdomoni. Nikimwekea sahani, anakisogezasogeza chakula kama mtu aliyepoteza sindano humo, halafu anasema, "Nimeshiba, Baba." Nikigeuka, yuko chooni. Majani yenyewe ni ya kuharisha. Anatoka huko ameshika ukuta.

Nilimuuliza, "Hivi unataka kuwa nani?"

Akanijibu, "Nataka kuwa mimi, lakini kama yeye."

Sijui jibu hilo utalielewaje. Mimi liliniondolea usingizi.

Sikuandikii kukutukana, ingawa matusi ninayo, gunia zima. Nina swali moja. Chai hiyo unainywa? Wewe mwenyewe, nyumbani kwako, pasipo kamera? Nijibu kwa mkono wako, ndiyo au hapana.

Salamu zibaki kwanza.

Baba Chiriku


15 Februari

Mpendwa Shabiki,

Asante sana kwa barua yako iliyojaa upendo! Kimulimuli anasoma kila barua, na yako imemgusa moyo. Bila wewe yeye si kitu!

Pamoja na barua hii tunakutumia zawadi: picha yenye sahihi yake, na pakiti kubwa ya Chai ya Kiuno, ladha mpya ya tangawizi. Endelea kung'ara!

Wako akupendaye,
Kimulimuli


22 Februari

Kimulimuli, au yeyote anayejificha nyuma ya jina hilo,

Barua iliyojaa upendo! Aliyeyaandika hayo ama hakuifungua barua yangu, ama aliifungua akiwa amelala.

Zawadi yenu ilifika nikiwa kazini. Chiriku aliipokea, akaificha ndani ya foronya ya mto wake, akalala juu yake kama kuku anayelalia mayai. Niliigundua baadaye kwa harufu ya tangawizi. Wakati huo alikuwa ameshaanguka shuleni, kwenye mstari wa asubuhi, mbele ya wenzake. Mwalimu alinipigia simu nikiwa nimejaa unga mpaka kwenye nyusi. Nilikimbia hivyo hivyo. Watu njiani walinipisha wakidhani ni mzimu.

Nimeanza kujiuliza kama wewe upo. Labda Kimulimuli si mtu, ni ofisi nzima iliyopewa sauti moja.

Ofisini siandiki tena. Mikate yetu huuzwa katika duka lililopakana na saluni unakosukwa. Hilo mashabiki wote wa shule ya mwanangu wanalijua, tena wanajua mpaka kiti chako. Barua hii nitamkabidhi msusi wako mkononi. Nilipokwenda kumwomba alinitazama kama mwizi, nami nikamtazama hivyo hivyo. Kama anayeisoma sasa ni meneja, basi meneja, nawe pia una watoto.

Swali langu liko palepale.

Baba Chiriku


27 Februari

Shikamoo, kama kweli wewe ni mtu mzima.

Msusi wangu kanipa barua yako ikiwa imeviringishwa ndani ya taulo. Nimeisoma nikiwa chini ya mashine ya kukaushia nywele. Hapo ndipo mahali pekee ambapo meneja hawezi kunisikia, wala mimi kumsikia yeye. Simu yangu anakaa nayo yeye. Anasema ni kwa usalama wangu.

Sikujui. Nisamehe nikikuambia ukweli: sikuamini.

Mwaka jana mama mmoja aliniandikia kwamba mwanawe yuko taabani, na ombi lake la mwisho ni kuniona. Nikaenda nimejawa na machozi. Mlango ulipofunguliwa nikakuta kamera mbili na mtoto mzima kabisa, anatafuna karanga. Kuna baba mwingine aliandika kwamba binti yake ananipenda mno. Binti hakuwepo. Aliyenipenda ni yeye mwenyewe, na alinifuata mpaka polisi walipoingilia. Na meneja wangu ana mtindo wa kunitegea watu, waniulize jambo, aone nitajibu nini.

Sasa niambie, wewe ni yupi kati ya hao? Unaandika vizuri mno kwa mtu wa tanuri, na hilo nalo limenitia shaka.

Nipe jambo moja la mwanao ambalo mwandishi wa magazeti hawezi kulibuni. Kama huna, tuishie hapa, na msusi wangu usimsumbue. Ana watoto wanaomtegemea.

K.


6 Machi

Wewe K.,

Naandika vizuri kwa sababu nilisoma. Kuoka mikate si adhabu ya kutojua kusoma.

Unataka jambo ambalo mwandishi hawezi kulibuni. Haya. Nywele za kichwa zimeanza kumtoka, na mikononi zimemwota nyingine, nyororo, kama za kifaranga. Anavaa mikono mirefu kwenye joto ili nisizione. Na akikaa kwenye kiti huweka mto kwanza, maana mifupa yake inamchoma kutokea ndani. Wacha huyo mwandishi wako abuni hilo.

Sasa amelazwa. Daktari anasema moyo wake unapiga kama mtu anayeshuka ngazi gizani; kila mara unakosea hatua. Jana alimsihi muuguzi amchomoe dripu kwa sababu maji yale yana sukari.

Muuguzi akamwambia, "Mwanangu, hii ndiyo inayokushikilia."

Akasema, "Kimulimuli hashikiliwi na kitu."

Nilitoka nje nikasimama kwenye korido, nikaegemea ukuta kama mlevi.

Nawe una mambo yako ya kutiliwa shaka. Sahihi ya ofisini ina mikia mirefu kama ya kasuku. Hii ya sasa ni herufi moja inayoona aibu. Nimtambue mwenyewe kwa lipi? Umeandika kurasa mbili kuhusu waliokudanganya, na swali langu umelipita kama mtu anavyompita ombaomba, macho mbele.

Mtu asiye na la kuficha hujibu kwa neno moja.

Baba Chiriku


11 Machi

Baba Chiriku, shikamoo. Safari hii naitoa kwa moyo.

Hilo la nywele za mikononi limenitosha. Mimi pia ninazo. Kabla ya kila picha msusi hunipitishia wembe.

Jibu lako ni hapana. Siinywi. Siku ya kupiga picha ile, kikombe kilikuwa na maji ya moto yaliyotiwa rangi. Niliwahi kuionja mara moja, ikaniharisha, nikakosa mazoezi. Meneja akasema nisiiguse tena, kwamba mimi nina kazi ya kufanya. Wenye kuinywa ni nyinyi.

Nilikonda kwa ugonjwa. Tumbo, mpaka nikapasuliwa. Nilipotoka hospitali miguu haina nguvu, kila aliyeniona alisema nimependeza. Nilipokuwa mzima hakuna aliyewahi kunisifu hivyo. Wenye chai wakaja wiki hiyo hiyo. Tangu hapo kazi yangu si kuimba tena, ni kubaki mgonjwa. Kila asubuhi meneja ananipandisha kwenye mizani kama gunia la mahindi. Namba ikipanda, nalala njaa. Nguo ile ya fedha ina mkanda ndani unaobana mpaka mbavu zinalia, na bado kiuno mnachokiona kwenye picha walikipunguza kwenye kompyuta. Kwa hiyo hata mimi sina kiuno cha Kimulimuli. Nakitazama barabarani kwenye mabango kama anavyokitazama Chiriku.

Utaniuliza kwa nini sisemi. Mkataba unasema nikitamka neno dhidi ya chai, nyimbo zangu zote zinakuwa mali yao, pamoja na jina. Nitakuwa nani basi? Nina mama na wadogo zangu wanaokula kwa jina hilo.

Msomee Chiriku haya, polepole, kisha uichome karatasi kwenye tanuri lako. Isitoke nje ya chumba hicho. Usidhani nimekuamini. Nimekuamini kwa kiasi cha kuandika tu.

K.


19 Machi

Mzee,

Umeniuza.

Leo nimeijua sauti yako. Ni nzito, ina kikohozi, na inasimama kidogo kabla ya maneno magumu. Nimeisikia kwenye simu ya dereva ikisoma maneno yangu. Nikaisikia kwa mlinzi. Nikaisikia jikoni kwa mpishi, naye akaizima haraka akajifanya anakoroga sufuria. "Kazi yangu ni kubaki mgonjwa." Umelisoma vizuri sana neno hilo. Ulifanya mazoezi?

Ofisi imetoa tangazo kwamba barua ni ya kughushi, na kwamba wewe ni mzee aliyerukwa na akili, umekuwa ukinifuatafuata kwa muda mrefu. Tangazo lina jina langu chini. Sikuliandika.

Sikulizuia pia.

Msusi wangu amefukuzwa. Ukitaka kunijibu, barua iache kwake nyumbani, atajua njia. Lakini sioni una la kunijibu.

Kimulimuli


23 Machi

Kimulimuli,

Ninalo la kukujibu, tena kaa chini.

Kioo cha dirisha la duka letu kimepigwa jiwe. Watoto wa rika la mwanangu wanasimama nje wakiimba, "Mzee mwehu! Mzee mwehu!" kwa mahadhi ya wimbo wako. Mwenye tanuri kanipa mkono akaniambia nipumzike nyumbani mpaka vumbi litulie. Vumbi hilo nimelitimua mimi? Jirani aliyekuwa akiniachia ufunguo wake sasa anamwita mwanawe ndani nikipita.

Sikumpa mtu barua yako. Sikumsomea mtu ila Chiriku, mlango umefungwa, muuguzi katoka. Kisha nikaichoma kama ulivyotaka. Unaelewa maana yake? Kitu pekee kinachoonyesha kwamba mimi si mwehu nilikitia motoni kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kukuheshimu wewe.

Basi aliyefanya ni nani? Nimemfikiria msusi, ndiye aliyekuwa akibeba. Nimemfikiria muuguzi, anapita na simu mfukoni. Na usishangae, nimekufikiria wewe. Labda mlipanga hivyo huko ofisini: apatikane baba mjinga asome kwa huzuni, watu wakuonee huruma, kisha mkanushe, watu wazungumze wiki nzima. Biashara ya machozi nayo ina wateja wake. Picha yako imeongezwa ukubwa kwenye barabara ya hospitali. Nimeiona kwa macho yangu.

Tumemalizana. Usiandike tena.

Baba Chiriku


24 Machi

Kwako Kimulimuli,

Mimi ndiye Chiriku. Baba hajui kama nakuandikia. Msusi wako alikuja kutuona akiwa na macho yamevimba, nami nimemwomba abebe hii.

Ni mimi.

Baba aliposema, "Nina barua ya kukusomea," nilidhani ni mawaidha ya daktari. Nikabonyeza kurekodi chini ya shuka ili nimsikilizishe rafiki yangu, tucheke. Halafu akaanza kusoma, na sikucheka.

Tupo wasichana wengi kwenye kundi letu la mashabiki wako. Tunatumiana picha za viuno kila asubuhi. Mwenye kiuno chembamba zaidi anaitwa Kimulimuli wa wiki. Mimi nimeitwa hivyo mara nyingi, na wiki niliyoanguka shuleni walinipigia makofi kwenye simu. Rafiki yangu mmoja tunamwita Kijiti, na yeye hilo jina analipenda. Nilimwandikia kwamba huinywi chai. Akajibu, "Baba yako ana wivu, kakujaza maneno." Ndipo nikamtumia sauti. Yeye peke yake. Nilimwambia asimpe mtu.

Nilikosea. Lakini nikuambie nilichokuwa nawaza sauti ile ilipotapakaa: nilifurahi kidogo. Nilisema sasa atalazimika kusema, "Ndiyo, ni kweli." Nilikaa na simu mkononi nakusubiri. Likaja tangazo kwamba baba yangu ni mwehu anayekufuata.

Baba yangu hajui hata nyimbo zako. Anajua ile moja, na maneno anayakosea.

Mimi nilimrekodi baba yangu kwa siri. Wewe uliwaacha wamwite kichaa mchana kweupe. Nitamwambia yeye langu nikipata nguvu. Lako utamwambia nani?

Chiriku


28 Machi

Chiriku,

Barua yako ninayo. Nimeisoma kwenye choo cha ukumbi wa mazoezi, miguu juu ya sinki ili nisionekane kwa chini ya mlango.

Jumamosi nina onyesho uwanjani, na litarushwa mubashara. Sikuahidi kitu. Mimi nimeahidiwa vitu vingi sana kwa hiyo naogopa hilo neno.

Tazama kama daktari atakuruhusu.

K.


6 Aprili

Kwa Kimulimuli,

Nilisema tumemalizana. Mdomo ni nyumba ya maneno, na mengine hutoka bila hodi.

Chiriku ameniambia la sauti. Alinieleza akiwa amefunika uso kwa shuka. Mimi nilikuwa nimeshamlaani msusi, nimemlaani muuguzi, nimekulaani wewe, na laana zote zilikuwa zinaning'inia hewani hazina pa kutua. Mwisho nikamuuliza, "Kikohozi changu kilisikika?" Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka jana.

Msusi nimemwomba radhi. Amenipokea, ila bado ananitazama kwa upande.

Jumamosi tulitazama kwenye simu ya Chiriku, tumeiegemeza kwenye jagi la maji. Uliimba, ukacheza, ukatabasamu. Nikamwambia Chiriku, "Umeona? Hatasema." Akaniambia, "Nyamaza, Baba." Ukaja wimbo wa pili, wa tatu. Halafu ukanyoosha mkono, muziki ukasimama.

Ulisema, "Kuna mwokaji mikate anaitwa mwehu. Si mwehu. Aliyoyasoma ni yangu."

Watu walicheka! Walidhani ni sehemu ya mchezo. Na mimi nikupe ukweli: nilidhani hivyo pia. Nilikuwa nasubiri uchomoe pakiti ya chai nyingine kifuani. Nilipoona unahangaika mgongoni na vifungo vya ule mkanda, hauvuliki, mpaka msichana mmoja wa kucheza akaja kukusaidia, akawa analia huku anafungua, ndipo niliposhika pembe ya kitanda. Ukauinua juu. Ukasema, "Kiuno changu ni hiki, na ni cha ugonjwa. Chai siinywi. Msiinywe."

Hapo wakakuzimia kipaza sauti. Ukaendelea kwa mdomo mtupu. Waliokuwa mbele wakawa wanapokezana maneno yako kuyapeleka nyuma, mstari kwa mstari, na wengine wanazomea. Chupa ikarushwa. Picha ikakatika, wakaweka tangazo la sabuni.

Najua ungetaka nikuambie kwamba Chiriku aliruka kwa furaha. Hakuruka. Aligeukia ukutani akalia, akasema, "Sasa nitampenda nani?" Nilimshika mguu kwa juu ya shuka, basi.

Mwenye tanuri amenipigia nirudi kazini. Nitarudi, lakini mkono wake sitaupa uzito tena.

Salamu zako nilizozizuia, sasa nazitoa. Hujambo, mwanangu? Na kama hili nalo ni mchezo, Mungu anakuona.

Baba Chiriku


17 Juni

Baba Chiriku, shikamoo. Chiriku, habari za kupona?

Nakaa kwa shangazi yangu, chumba cha nyuma, pamoja na cherehani yake na viatu vya marehemu mume wake. Jina langu limechukuliwa. Nyimbo pia. Juzi nilisikia mmoja redioni, na mtangazaji akautaja kama wimbo wa zamani. Meneja amenishtaki; mwanasheria anasema kesi itakwenda taratibu. Daktari ananiona kila wiki. Mizani ya kwake naipanda kinyumenyume ili nisione namba. Chai imeondolewa madukani kwa uchunguzi, lakini nimeambiwa inauzwa kwa kificho, tena kwa bei ya juu kuliko mwanzo.

Mama hataki kuzungumza nami. Anasema nimewanyang'anya wadogo zangu shule kwa ajili ya watoto wa watu. Maneno yake ni kweli na si kweli.

Mashaka hayajanitoka. Jirani yetu analeta matunda kila Ijumaa, nami badala ya kushukuru najiuliza nani kamtuma. Mtu akinitabasamia njiani natafuta kamera.

Barua za wasichana zinakuja. Wengi wananitukana: niliwadanganya, niliwafanya wajinga, afadhali ningenyamaza. Hao nawaelewa. Kuna mmoja aliyenitisha. Ameandika kwa adabu sana, karatasi ina maua. Anasema ameshaacha chai, sasa anaomba jina la ule ugonjwa wangu, ili na yeye aupate.

Nimemjibu. Nimeandika upya mara nyingi, na sijui kama nimemjibu vizuri. Nilidhani nikisema ukweli mara moja, uwanjani, mbele ya watu wote, nitakuwa nimelipa. Kumbe nilikuwa nimefungua mlango tu.

Naomba nije kuwaona. Siji na mtu. Ningependa nimtazame Chiriku akiwa amekaa kwenye kiti bila mto.

Asiye na jina kwa sasa


2 Julai

Kwako,

Baba amesema uje, atafurahi, na kwamba atavaa shati jipya. Lakini barua uliniandikia na mimi, kwa hiyo najibu mimi.

Nimetoka hospitali. Shuleni nimerudi nusu siku. Kuna siku nakula vizuri, na kuna siku Baba anakaa na mimi mezani mpaka chakula kinapoa, anakipasha, kinapoa tena. Anasoma gazeti ambalo ameshalimaliza. Kijiti hazungumzi nami. Juzi nilimwona ng'ambo ya barabara, amevaa mikono mirefu na jua lote lile. Nilimpungia. Alijifanya hakuniona, lakini alisimama kidogo kabla ya kuendelea. Kesho nitampungia tena.

Picha yako nimeitoa ukutani. Sikuichana. Nilimpa Baba, sijui ameiweka wapi na sijamuuliza.

Sasa nikuambie la ukweli, kwa sababu wewe ulituambia lako ijapokuwa kwa kuchelewa. Usije bado. Sijakasirika, au nimekasirika lakini si kwa hilo. Nikifumba macho nikiwaza unaingia kwenye mlango wetu, kitu cha kwanza ninachokitazama ni kiuno. Nataka kuona kama umenenepa. Nikikuta umenenepa nitakuonea huruma, na nikikuta hujanenepa nitakuonea wivu, na usiku wake sitakula. Bado niko hivyo. Huenda hata wewe uko hivyo. Ungenitazama mikono kwanza.

Najaribu kila siku. Nawaza mlango unafunguliwa, unaingia, nami nainua macho. Siku nitakayoanza kukuona uso, nitakuandikia uje.

Chiriku